Misuli Ilipoitika

Tarehe 3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa mbele ya cherehani, miguu inakanyaga, macho bado yanaliona tundu la sindano. Sisi huku wazima, ila uzima wa mzazi mpya unaujua: mtu anasimama, anatembea, anajibu "nimeamka salama", kumbe ndani kila kitu kimelegea kama mzigo uliofungwa na mtoto.

Naandika kwa sababu simu ya nyumbani kwenu ni mkutano wa hadhara. Masikio yako yanataka sauti ya juu, kaka anaweka spika, na ninachosema kinafika mpaka kwa jirani. Mambo ya leo si ya spika.

Mjukuu wako ni mtu mzima aliyekosea mlango akaja kama mtoto. Tunamwita Bonge, jina la kwenye cheti limebaki kwenye cheti. Alitoka kwa taabu, Mama. Nilichanika, nikashonwa. Sasa nikijiinua kitandani tumbo linachomoza katikati kama paa la nyumba. Mkunga alibonyeza juu ya kitovu, vidole vyake vikazama. Akasema misuli ya mbele imeachana, upande huu na upande huu, kama zipu iliyofunguka. Tena nikipiga chafya, nitasema tu kwa vile wewe ni mama yangu, mkojo unatoka. Juzi baba Bonge alisema kichekesho, nikakimbilia chumbani kubadilisha nguo. Maskini, akadhani nimechukia.

Na kazi yangu ndiyo hii unayoijua, kutandika vigae. Kazi ya magoti, mgongo na maboksi mazito. Msimamizi ameniambia nafasi yangu ipo, ila namwona anavyoniangalia.

Mkunga amenielekeza kwenye mazoezi yanaitwa pilatesi, ya wanawake waliojifungua. Yako kwenye ukumbi nyuma ya zahanati. Naanza wiki ijayo.

Utakuja lini kumwona Bonge? Baba yake amepaka rangi kile chumba kidogo, anasema ni chako.

Mwanao wa mwisho,
Kitinda


Tarehe 15 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba, na ya mjukuu nimemwitikia mapema ili asije akanidai. Mimi sijambo, sindano naiona, uzi ndio unaojifanya hauioni.

Hiyo pilatesi ndiyo nini? Nilimuuliza kaka yako kwa kuzunguka, bila kutaja habari zako. Akasema hajui. Wifi yako akadakia kwamba ni yule aliyenawa mikono. Basi nimekaa hapa nawaza: mwanangu kapeleka tumbo lake kwa Pilato, ngoja tusikie hukumu.

Usilale kwenye sakafu ya baridi. Usinyanyue ndoo. Kula ushibe, anayenyonyesha analisha wawili.

Kuhusu hayo mengine uliyoandika, ya chafya, huwa yanatokea. Mwanamke akishazaa, kazaa. Vaa nguo nyeusi. Ukitoka usinywe maji mengi. Ukifika ugenini, jua choo kiko wapi kabla hujakaa. Utazoea.

Kuja, bado kidogo. Safari ni ndefu na magoti yangu yamekuwa na maneno, tena sare za shule zimenijaa mpaka kitandani. Mwambie mkwe wangu rangi ya chumba nimeipokea kwa mikono miwili.

Mbusu Bonge shingoni, pale penye mikunjo.

Mama yako


Tarehe 9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hali yako? Magoti yanasemaje? Sisi hatujambo, na leo nina jambo la kukusimulia, sijui hata nianzie wapi.

Ukumbi wenyewe ni chumba kirefu chenye madirisha juu na mikeka ya mpira chini. Tulikuwa kumi na kitu, kila mmoja na mtoto wake pembeni, chumba kizima kinanuka maziwa. Mwalimu ni mwanamke mrefu sana, tunamwita Twiga na anaitika. Sote tumekaa tumebana miguu, heshima tupu, kila mtu anajifanya alikuja kwa bahati mbaya. Twiga akauliza, kama anayeuliza saa ngapi:

"Nani hapa anavuja akipiga chafya?"

Watu wakaanza kuwaangalia watoto wao kana kwamba ndio walioulizwa. Kisha mmoja aliyezaa mapacha akanyoosha mkono, akasema, "Mimi sihitaji hata chafya, mwalimu. Nikifikiria tu." Tukacheka, Mama! Na kwa kucheka kule nusu yetu tukavuja, tukanyoosha mikono. Mwishowe hakuna mkono uliobaki chini. Nilitazama ile mikono yote juu. Nilikuwa nimeamini kwamba nimeharibika peke yangu.

Nilidhani tutarusha miguu huku na huku. Twiga akasema, "Leo hakuna kunyanyua kitu. Leo tunapumua." Tukalala chali, magoti yamekunjwa. Vuta pumzi, mbavu zifunguke kwa pembeni, siyo kifua kupanda juu. Ishushe mpaka chini kabisa, unapokalia. Kisha itoe polepole, kama unapuliza chai ya moto, na unapoitoa pandisha kile kilicho chini, kama unazuia mkojo na upepo kwa pamoja. Halafu achia. Kuachia nako ni zoezi, anasema.

Mara za kwanza sikupata kitu. Kisha nikasikia, Mama. Hafifu, kama mtu anainua kona ya shuka. Pumzi yangu ilikuwa inashuka, na kitu chini yangu kinaipokea na kuirudisha juu. Twiga anasema pale pana misuli iliyotandikwa kama sakafu, inabeba kibofu na kizazi na kila kitu. Mimi nimetandika sakafu za watu miaka yote hii, sikujua kwamba nami ninayo, wala kwamba Bonge na ukubwa wake wote alikuwa amekaa juu yake, kisha akapita katikati yake, na bado ipo. Machozi yalinitoka yakaingia masikioni. Hakuna aliyeshangaa. Yule wa mapacha alikuwa analia kabla yangu.

Sasa, Mama, nisamehe. Ulisema nitazoea. Neno hilo nilimpelekea Twiga bila kusema nimelitoa wapi. Akanijibu, "Linawapata wengi, lakini kuwapata wengi hakulifanyi liwe la kuzoea."

Na jingine, sisemi kwa ubaya. Kwenye arusi yangu hukuja. Nilipojifungua hukuja. Kila mara ni magoti, kila mara ni sare. Kama kuna kosa nililofanya, niambie. Heri niambiwe kuliko kuachwa nikisie.

Mwanao,
Kitinda


Tarehe 2 Juni

Mama,

Shikamoo. Kimya chako kimekuwa kirefu. Kaka anasema kwenye simu kwamba uko mzima na unashona. Kifurushi cha vigauni vya Bonge kimefika, nimekikung'uta mara mbili nikitafuta japo kikaratasi. Hakuna.

Kama niliandika mambo ya aibu mno, niwie radhi. Nilijisahau, nikadhani naongea na mtu wa darasani.

Bonge anajigeuza mwenyewe sasa, anajishangaa kuliko sisi tunavyomshangaa. Mimi nanyanyua nyonga juu, mgongo unapanda kipande kwa kipande, wanaita daraja. Tumbo halichomozi tena kama zamani. Nilitaka tu ujue.

Kitinda


Tarehe 11 Juni

Kitinda wangu,

Marahaba. Hujanikosea kitu. Barua yako ile nimeisoma mpaka mkunjo wake umechanika. Majibu nimeyaanza mara nyingi, kila nikianza naishia kwenye habari za mvua. Leo wifi yako kaenda sokoni, kaka yako yuko kazini. Naandika huku mkasi uko karibu, mtu akiingia aone nakata kitambaa.

Na mimi pia, mwanangu.

Ni tangu nilipokuzaa wewe. Ulikuwa mkubwa, bega likakataa, wakakuvuta. Siku niliyoinuka kufua, nikakohoa, nikasikia maji ya moto yananishuka mguuni. Nikamwambia mama yangu. Akasema, "Utazoea." Basi nikazoea. Ndiyo maana na mimi nilikupa neno lile lile. Sikuwa nalo jingine.

Baba yako, Mungu amrehemu, aliondoka akidhani napenda sketi nyeusi. Watu husema mimi ni mwanamke wa nyumbani, sipendi kukaa mikusanyikoni, sicheki ovyo. Kitinda, mimi nilikuwa nacheka mpaka naanguka! Waulize niliokua nao. Nilijifunza kucheka kwa macho tu, kwa sababu macho hayavuji.

Arusi yako. Gauni lile nililishona kwa mikono hii, na tiketi nilikata, na nywele nilisuka. Nilifika stendi na begi langu. Nikamuuliza kondakta, "Mnasimama mara ngapi njiani?" Akafurahi kunijibu: "Usiwe na wasiwasi, mama, hili ni la moja kwa moja!" Moja kwa moja. Nikasimama pale nikiangalia watu wanapanda. Nikampa gauni, nikamwelekeza atakayelipokea, nikageuka. Gauni likaja kwenye arusi, mimi nikarudi nyumbani. Kwenye simu nikakuambia magoti.

Magoti yangu ni mazima, mwanangu. Hayajawahi kuniuma hata siku moja.

Ulivyoandika kwamba mikono yote ilinyooka, niliweka karatasi chini nikatoka uani, nikasimama tu. Chumba kizima cha wanawake. Na mimi nilikuwa nafikiri Mungu kanitia alama peke yangu.

Muulize huyo Twiga wenu kama mambo haya yana umri. Usiseme ni mama yako. Sema kuna mzee mmoja.

Mama yako


Tarehe 20 Juni

Mama yangu, mama yangu,

Shikamoo mara nyingi, moja haitoshi leo.

Barua yako niliifungulia kwenye ngazi za nje, nikabaki pale pale mpaka baba Bonge akaja kunitafuta. Sijamwambia kitu. Hilo ni letu.

Nimekaa na hili: nilipita kwako, nikaacha mlango umeharibika, na wewe hukunitupia neno hilo hata siku ile nilipovunja kioo cha kabati la nguo za wateja wako. Ulinilea, ukanibeba mgongoni, ukaniinamia, ukaniinua, na kila kuinua kulikuwa kunakugharimu, na mimi nilikuwa nalia kwa nini huchezi kukimbizana nami kama mama wa wenzangu. Nakuangalia kwenye akili yangu kama mtu anayeangalia mlima alioishi chini yake bila kuinua kichwa.

Nilimfuata Twiga baada ya darasa. Nikasema, "Mwalimu, kuna mzee mmoja…" Akanikatiza: "Mama yako hajambo?"

Nikacheka, nikalia, na sikuvuja, Mama. Nimelitambua nikiwa njiani.

Amesema hivi. Misuli haisomi cheti cha kuzaliwa. Ikiitwa vizuri, inaitika, hata kama imelala tangu zamani, ila ya mtu mzima inataka uvumilivu zaidi. Lakini kwanza uende hospitali upimwe, kwa sababu yapo mengine ambayo mazoezi peke yake hayayawezi, kama kizazi kushuka. Wakikuruhusu, unaanza na pumzi, kama nilivyokueleza. Usibane kwa nguvu zote, usizuie pumzi, usikaze makalio wala taya. Na maji unywe. Kujinyima maji kunakifanya kibofu kiwe na hasira zaidi.

Jaribu, Mama. Usijaribu kwa ajili yangu wala ya Bonge. Jaribu kwa ajili ya yule aliyekuwa anacheka mpaka anaanguka. Nataka kumfahamu.

Kitinda wako


Tarehe 17 Agosti

Kitinda,

Marahaba. Habari za Bonge na baba yake? Mimi nina habari.

Nilikwenda. Nilimwambia wifi yako naenda kutafuta vifungo. Nesi aliyenipokea ningeweza kumzaa mara mbili, nikataka kugeuka. Akaniuliza tangu lini. Nikamtajia umri wako. Akaiweka kalamu chini. "Mama, na hukumwambia mtu?" Nikasema, "Si ndio nakuambia wewe." Akanishika mkono, akaniambia siku ile tangu asubuhi mimi sikuwa wa kwanza wala wa pili. Daktari wa kike akanipima kwa adabu sana. Kizazi kimeshuka kidogo, si cha kisu, misuli ndiyo imechoka. Akasema mazoezi ndiyo dawa, na nirudi anione.

Nikarudi na vifungo kweli, maana mwongo hakosi ushahidi.

Chumba cha kushonea nafunga mlango, natandika mabaki ya vitambaa vya sare, nalala chini. Mwanzo, Kitinda, nilijiona kichekesho. Bibi mzima kalala chini ya cherehani anapuliza chai ambayo haipo. Navuta pumzi, naita: hakuna mtu. Natoa, naita: hakuna mtu. Siku kwa siku. Nikawa na hasira. Siku moja nikapiga chafya sokoni, ikawa kama zamani, nikarudi nyumbani nikavitupa vile vitambaa kwenye pipa. Kesho yake nikavitoa.

Basi ilikuwa asubuhi, jua linaingia kwa dirisha la pembeni, nimelala pale sina hata matumaini, akili iko kwenye kola ya mteja. Napumua tu. Natoa pumzi. Na chini kule kitu kikaitika.

Sijui nikueleze vipi. Ni kama una nyumba, na kuna chumba cha nyuma umekifunga tangu ujana, ukaamini aliyekuwemo alishakufa. Unapita na ufagio wako, unagonga bila kutegemea, na sauti inasema, "Naam?"

Nikaogopa kuvuta pumzi nyingine, nisije nikamkimbiza. Nikavuta. Nikatoa. "Naam."

Nilibaki nimelala mpaka mteja wa kola akaja akagonga, nikamwambia arudi mchana. Mwanangu, nimezaa watoto wanne, nimezika mume, nimeshona nguo za watu wasiohesabika, nilidhani mwili huu naujua kama mfuko wa aproni yangu. Siujui. Ni mkubwa kuliko mimi. Ulikuwa unanisubiri.

Mama yako


Tarehe 30 Agosti

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, Bonge anataka kula kalamu.

Barua yako nimemsomea Twiga, ile sehemu ya "naam" tu. Alivua miwani.

Nimerudi kazini, nusu siku. Nikipiga magoti napumua kwanza, nikiinua boksi natoa pumzi. Fundi mwenzangu kaniuliza kwa nini napuliza kama chatu. Nikamwambia ajaribu, maana mgongo wake kila siku anaulalamikia. Sasa tunapuliza wawili.

Kuna basi linalosimama njiani. Nimeuliza. Chumba bado ni chako.

Njoo.

Kitinda


Tarehe 28 Oktoba

Kitinda wangu,

Hamjambo wote? Mimi nimefika salama, mizigo yote iko, na begi bado linanuka Bonge. Nimekaa kwenu majuma yale yote tukisema kila kitu, na kumbe kuna mambo siwezi kuyasema mpaka nishike kalamu.

La kwanza ni la njiani wakati wa kuja. Nilivuja kidogo, nisikudanganye, pale basi liliporuka shimo. Zamani ningeshuka na kurudi. Safari hii nilikaa, nikapumua, nikaangalia nje. Kumbe nchi ni kubwa hivi! Milima imekaa tu pale miaka yote, nami nimejifungia na mkasi.

La pili ni la ukumbini. Uliponipeleka nilijiona mzee kuliko kuta. Kisha tukalala chini sote, mimi na wewe na Bonge katikati anajitafuna vidole. Twiga akasema kila mtu amwekee mwenzake mkono tumboni. Nikauweka wangu juu ya kitovu chako. Ulipotoa pumzi nikasikia pale palipokuwa wazi panajifunga chini ya kiganja changu, pande mbili zinatafutana, zinakutana. Nikukumbushe kwamba kitovu kile nilikifunga mimi. Nilikuogesha nikakipaka mafuta. Nilidhani kazi ya Mungu kwenye tumbo lako niliiona yote siku ile, kumbe ilikuwa bado inaendelea, na mimi nimeweka mkono juu yake ikiendelea.

La tatu limetokea jana, na ndilo lililonikalisha kuandika.

Wifi yako aliniuliza kwa nini nimerudi natembea kama msichana. Nikaona, potelea mbali, nikamwambia. Yote, tangu kuzaliwa kwako. Alikuwa anakunja nguo. Mikono ikasimama. Akasema, "Mama, na mimi. Tangu yule wa pili."

Kitinda, tumekaa nyumba moja. Tunafua beseni moja, tunaanika kamba moja, yeye akificha zake chini ya shuka na mimi nikificha zangu chini ya shuka. Tukatazamana. Sijui nani alianza, ila tulicheka mpaka tukakaa chini, mimi nimeshika meza, yeye kanishika mimi, na tukavuja wote wawili kama watoto, na hatukuacha kucheka.

Leo asubuhi nimemwambia kwanza tutakwenda kwa yule nesi wangu. Halafu nimefunga mlango wa chumba cha kushonea, nimetandika vitambaa viwili. Nimemlaza, nimemkunjia magoti, nimemwekea mikono mbavuni. Nikamwambia, vuta, zifunguke kwa pembeni. Zikafunguka. Nikawa naangalia uso wake.

Kaka yako akagonga. Alikuwa anatafuta chai.

"Mnafanya nini humo ndani?"

"Tunapumua," nikamjibu.

Akauliza kama tutachelewa.

Mama yako